Kwa nini uwanja wa taifa unachoka haraka, na hela za viwanja ziende wapi

Msomaji wetu ameandika hivi: "Mtaalam habari za kazi. Serikali inajenga uwanja wa mabilioni kule Arusha kwa ajili ya AFCON 2027 (Kombe la Mataifa ya Afrika) wakati mtaani kwetu watoto wanacheza chandimu barabarani, na uwanja wa Mkapa wenyewe CAF (shirikisho la mpira la Afrika) waliufungia 2025 kwa sababu ya nyasi. Si bora hizo hela zote zingeenda kwenye viwanja vya mazoezi? Na kwa nini viwanja vyetu vinachakaa fasta hivi?"

Kazi nzuri kaka, shukrani kwa kuuliza. Umeleta maswali mawili ila mimi nayaona ni moja, manake uwanja mkubwa unachakaa kwa sababu viwanja vidogo havipo. Watu wengi wanabishana kama vile hivi vitu viwili vinagombania hela, timu uwanja wa taifa huku na timu viwanja vya mtaani kule, kumbe ukivinyima viwanja vya mazoezi unaua na uwanja wa taifa humo humo. Ngoja nikueleze inakuwaje.

Tuanze na nyasi maana ndo zilizotutia aibu. Uwanja wa Mkapa, ndo huo wa taifa hapa Dar, ulifunguliwa 2007, unabeba watu 60,000, Wachina walitusaidia kuujenga, na kwa miaka mingi ukawa fahari ya ukanda wetu huu wote. Machi 2025 CAF wakaufungia kwa muda kwa sababu ya eneo la kuchezea, ukafunguliwa Simba akacheza na Al Masry Aprili, halafu Mei mambo yakarudi kule kule, mvua zimepiga, CAF wakahamisha mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na RS Berkane ya Morocco kwenda Amaan, Zanzibar. Fikiria fainali ya Afrika inahama kutoka uwanja wa 60,000 kwenda uwanja ambao haufiki hata nusu ya hapo, na sababu siyo vurugu wala taa wala vyumba, ni majani tu.

Sasa majani yana hesabu yake na hiyo hesabu haijali wewe ni Simba au Yanga. Uwanja wa nyasi asili uliojengwa kwa viwango unakuwa na tabaka la mchanga kama sentimita 30 hivi, chini yake kokoto, chini ya kokoto mabomba ya kutoa maji. Mchanga ndo unafanya maji yapite na mizizi ipumue. Kila mtu anapokimbia juu yake, kila gari linalopita, kila jukwaa la mziki linalofungwa pale katikati, ule mchanga unashindiliwa, na ukishashindiliwa maji hayashuki tena yanabaki juu, mizizi inaoza, nyasi zinang'oka vipande vipande, alafu ndo unaona kwenye TV beki anateleza kama yuko shambani wakati wa masika. Kwa kigezo kinachotumika na watu wa nyasi, uwanja wa mchanga wa namna hiyo unabeba masaa matano sita hivi ya kucheza kwa wiki ukitaka ubaki kwenye hali nzuri. Masaa sita tu kaka. Mechi mbili na mazoezi mawili mepesi, umemaliza wiki.

Ukiiweka hiyo hesabu kwenye ratiba yetu unaona tatizo lilipo. Simba na Yanga wote wawili wanautumia Mkapa kwa mechi za CAF, timu ya taifa inautumia, timu mgeni kwa kanuni anatakiwa kuonja uwanja siku moja kabla ya mechi, kuna Simba Day na kuna Wiki ya Mwananchi kila mwanzo wa msimu na hayo ni matamasha kabisa, spika kubwa kubwa, wasanii, watu wanarukaruka kwenye pichi, halafu weka na shughuli nyingine za kitaifa zinazoletwa na barua. Machi mpaka Mei ni masika Dar, yaani ule ule wakati ambao mashindano ya Afrika yamefika robo na nusu fainali ndo wakati ambao ardhi imelowa kuliko wakati wowote wa mwaka. Kwa hiyo aliyeshangaa Machi 2025 hakuwa anaangalia kalenda.

Na ushahidi kwamba zile nyasi hazikuwa na ugonjwa wa ajabu tumeuona wenyewe. Agosti mwaka ule ule uwanja ule ule ukafungua CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Taifa Stars 2, Burkina Faso 0, na tukaendelea kucheza pale mpaka robo fainali tulipotolewa na Morocco. Mvua zilikata, uwanja ukapumzishwa, watu wakafanya kazi yao, nyasi zikarudi. Nyasi ni kitu kinachosamehe sana ukikipa muda. Shida ni nani mwenye mamlaka ya kukipa muda.

Hapo ndo pagumu na hapo ndo nataka nikae kidogo. Meneja wa uwanja wa serikali popote pale, siyo hapa kwetu tu, ni mtumishi. Ana wakubwa juu yake watatu wanne. Anajua kabisa wiki hii uwanja haufai kufunguliwa, ila barua ikija ya kwamba kuna tamasha Jumamosi atasema nini? Atafungua. Jumatatu nyasi zimekufa na wa kwanza kuulizwa ni yeye. Tuliona Aprili 2023, taa zilizimika Yanga ikiwa inacheza na Rivers United robo fainali ya Shirikisho, mechi ikasimama dunia nzima inaangalia, na baada ya hapo waliokwenda na maji ni wasimamizi wa uwanja. Sisemi hawakuwa na makosa, nasema tu kwamba ukimpa mtu jukumu bila kumpa hela wala nguvu ya kusema hapana, hapo umemteua mtu wa kulaumiwa tu.

Na hela ni hivi. Serikali ina mifuko miwili, kuna fedha za maendeleo na kuna matumizi ya kawaida, ile ambayo watumishi wenyewe wanaita OC. Kujenga uwanja ni maendeleo. Kuna jiwe la msingi, kuna utepe, kuna picha, kuna mkandarasi, waziri anasimama bungeni anatoa asilimia za utekelezaji. Kukata nyasi, kununua mbolea, kubadilisha pampu ya umwagiliaji iliyoungua, dizeli ya jenereta, hayo ni OC, na hakuna kiongozi duniani aliyewahi kualikwa kuzindua mfuko wa mbolea. Bajeti ikibana cha kwanza kukatwa ni OC. Kwa hiyo uwanja unazaliwa tajiri unakuwa maskini ukifika mwaka wa tatu.

Watu wa majengo ya umma wana kigezo chao cha siku nyingi, kwamba kila mwaka utenge asilimia 2 mpaka 4 ya thamani ya jengo kwa ajili ya matengenezo. Chukua Arusha. Mkataba ulisainiwa 2024, uwanja wa watu 30,000 hivi, gharama yake iliyotangazwa ni kama shilingi bilioni 286. Asilimia 2 yake ni bilioni 5.7 kila mwaka, asilimia 4 ni zaidi ya bilioni 11. Kila mwaka, hata kama hakuna mechi. Mimi swali langu kwa Arusha ndo hilo, wala siulizi kwa nini umejengwa. Ukubwa wake naukubali, 30,000 kwa mji ule ni akili kuliko wangejenga wa 60,000 kwa sifa, ila Simba na Yanga hazitoki Arusha, na AFCON ni mwezi mmoja. Baada ya ule mwezi nani anaingia pale kila wikiendi na nani analipa hizo bilioni? Kama jibu lipo kwenye karatasi basi safi, kama halipo litafutwe sasa hivi wakati mkandarasi bado anakumbukwa jina.

Usidhani ni sisi peke yetu. Cape Town walijenga uwanja wa watu 55,000 hivi kwa ajili ya Kombe la Dunia 2010, mpira ukaisha, jiji likabaki na mzigo miaka nenda rudi mpaka 2021 ndo timu ya raga ya Stormers ikahamia pale ukapata mpangaji wa kueleweka. Athens baada ya Olimpiki ya 2004 viwanja vingine vikaota majani kwenye viti. Brasília na Manaus kule Brazil walijenga viwanja vikubwa vya 2014 kwenye miji ambayo haina timu za kuvijaza. Hao wana hela kuliko sisi na bado liliwashinda, kwa sababu lile swali la nani ataingia baada ya sherehe lilikuja limechelewa.

Sasa majirani zetu wametufundisha upande mwingine wa shilingi, gharama ya kutokuwa na uwanja kabisa. Kenya Juni 2024 walicheza mechi zao za nyumbani za kufuzu Kombe la Dunia, na Burundi na Ivory Coast, kule Lilongwe Malawi, kwa sababu Kasarani na Nyayo vilikuwa havina kibali. Nchi yenye Kasarani ya mwaka 1987! Kabla ya hapo 2017 walinyang'anywa CHAN ya 2018 ikaenda Morocco kwa sababu viwanja havikuwa tayari. Uganda nao Namboole, uliofunguliwa 1997, ukapoteza kibali, timu yao ya taifa, Cranes, wakawa wanahangaika na mechi za nyumbani nje ya nchi mpaka jeshi lao kupitia kikosi cha uhandisi lilipoukarabati ukarudi 2024. Kila mechi ya "nyumbani" ukiipeleka ugenini unalipa ndege, hoteli, kukodi uwanja, unapoteza mapato ya mlangoni na unapoteza mashabiki ambao ndo mchezaji wako wa 12. Kwa hiyo ukiniambia hela zote ziende viwanja vya mazoezi, hapana, sikubaliani na wewe hapo. Nchi inahitaji angalau uwanja mmoja ambao CAF na FIFA wakija na tochi yao hawatoi kasoro.

Ila angalia walivyorudi. Kenya sasa wanajenga uwanja wa Talanta, watu 60,000, na wameukopea hela kwenye soko la hisa la Nairobi, hatifungani ya kama bilioni 44.8 za Kenya. Ni njia ya kijanja kwenye kujenga, ila hatifungani ina riba, na riba hailali wala haiulizi kama timu yao ya taifa, Harambee Stars, wamecheza mwezi huu. Nitawaangalia kwa makini hapo.

Haya turudi kwenye hoja yangu ya mwanzo. Iceland unaijua? Watu hawafiki laki nne nchi nzima, wilaya moja tu ya Dar inawazidi. Uwanja wao wa taifa unabeba watu wasiofika elfu kumi. Kuanzia miaka ya 2000 wakaanza kujenga kumbi kubwa za ndani zenye kapeti, yaani nyasi bandia, kwa sababu ya baridi yao, halafu wakatawanya viwanja vidogo vya kapeti pembeni ya shule, na wakasomesha makocha kweli kweli, mtoto wa miaka nane anafundishwa na mtu mwenye leseni. 2016 wakamtoa Uingereza kwenye Euro, 2018 wakaenda Kombe la Dunia. Walianzia chini wakauacha uwanja wa taifa ubaki mdogo.

Morocco wao wamefanya vyote. Akademi ya Mohammed VI ilikuwepo kabla hawajawa na kelele hizi za sasa, En-Nesyri, Aguerd na Ounahi wametokea pale, 2022 wakacheza nusu fainali ya Kombe la Dunia, na viwanja vikubwa vimefuata. Australia nao 1976 walitoka Montreal bila dhahabu hata moja, nchi ikanuna, 1981 serikali ikafungua taasisi ya michezo ya taifa Canberra, na hiyo siyo uwanja wa mechi, ni mahali pa kulala, kula, kupimwa na kufanya mazoezi.

Sisi kwa upande wa riadha tuna mfano ambao unanitia uchungu. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 kule Christchurch, dakika 3 sekunde 32.16. Septemba 2025 Alphonce Simbu akachukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, kwenye mstari wa mwisho yeye na Mjerumani walitofautiana sekunde 0.03. Kati ya hao wawili imepita miaka 51 na hakuna hata mmoja aliyetengenezwa na uwanja wa watu elfu sitini. Mkimbiaji anataka njia nzuri ya vumbi isiyo na bodaboda, anataka tartani (njia za kukimbilia za raba) mbili tatu mikoani za kupima kasi, kitanda, chakula, daktari wa misuli. Hivyo vyote ukijumlisha ni makombo ya gharama ya jukwaa moja la VIP. Uganda walipata dhahabu ya marathoni London 2012 kwa Kiprotich, serikali ikaahidi kituo cha mazoezi ya mwinuko kule Teryet, Kapchorwa, na kimechukua miaka na miaka. Kule Iten, Kenya, uwanja wa Kamariny ambao wanariadha wa dunia walikuwa wanaufanyia mazoezi ulivunjwa ukarabatiwe ukakaa miaka umesimama, na tartani ya karibu wanariadha waliipata kwa Lornah Kiplagat, mwanariadha mwenzao aliyejenga ya kwake. Serikali zetu zinajua kujenga kinachoonekana kwenye drone.

Hapa Tanzania kuna mambo matatu ningeyafanya kabla ya kumwaga zege lingine, na nayasema bila mpangilio wa maana. Mikoani tuna viwanja tayari, Kirumba Mwanza, Sokoine Mbeya, Majimaji Songea, Jamhuri Morogoro, vingi vilijengwa enzi za chama kimoja kwa nguvu na michango ya wananchi, ukaja mfumo wa vyama vingi 1992 vikabaki mikononi mwa CCM. Sitaki kuingia kwenye siasa zake, ila kiufundi ni fundo, maana serikali inaona ugumu kuweka hela ya umma kwenye mali ya chama, na chama hakina hela wala sababu ya kuweka mfumo wa maji wa kisasa. Fundo hilo likifunguliwa kwa mkataba hata wa kukodi wa miaka 30, unapata viwanja vya kanda bila kununua hata eka moja.

La pili ni kapeti. Najua wachezaji wengi hawalipendi, joto lake mchana ni balaa na magoti yanajua. Lakini kwa mazoezi ya watoto na ligi za wilaya kapeti zuri linabeba masaa mara tano sita ya nyasi asili, na linadumu miaka 8 mpaka 10 hivi likitunzwa, yaani lisuguliwe, liongezewe mchanga na raba, lisigeuzwe maegesho. Weka matatu manne pembeni ya kila uwanja mkubwa, timu zifanye mazoezi hapo, akademi hapo, bonanza za maofisini hapo, tamasha litafutiwe eneo lake la lami. Ukifanya hivyo uwanja mkubwa unabaki na yale masaa sita yake. Hata AFCON yenyewe haiji kwa uwanja wa mechi peke yake, CAF wanadai viwanja vya mazoezi kwa timu za kila kituo, kwa hiyo huu ndo wakati wa kuvidai vikae kwenye shule na vyuo badala ya kujengwa kimkakati halafu vikafungiwa geti. TFF, shirikisho letu la mpira, wana vituo vyao Kigamboni na Tanga kwa hela za FIFA, kuna Malya kule Kwimba ambako serikali ina chuo cha michezo na imekuwa ikiongeza akademi, mwanzo upo.

La tatu ni ile hela ya mlangoni. Pale ambapo mapato ya uwanja yanaingia moja kwa moja kapu kuu la serikali kwa control number halafu meneja anaomba OC kama idara nyingine yoyote, uwanja hautapona. Sehemu ya kila tiketi na kila tangazo ibaki kwenye akaunti ya matengenezo, na meneja apewe bodi yenye mtaalam wa nyasi ndani yake ambaye akisema wiki hii hakuna mtu kukanyaga basi hata tamasha la nani linahama. Viwanja vingine duniani wanachapisha kabisa kalenda ya mapumziko ya nyasi, mwanamziki anajua kabla hajaweka bango.

Kuhusu watoto wako wa chandimu, hapo wala usisubiri wizara. Nenda serikali ya mtaa uliza eneo la wazi la mtaa wenu liko wapi kwenye ramani ya mipango miji, manake karibu kila mtaa uliopimwa lilitengwa, uliza kama limepimwa kwa jina la halmashauri na kama lina hati. Nyingi zimeliwa na fremu za maduka taratibu, kwanza kinaanza kibanda kimoja, mwaka wa pili kuna ukuta. Kama bado lipo mshikeni diwani aingize kwenye bajeti ya halmashauri vitu vitatu tu: kulisawazisha kwa greda siku moja, magoli ya chuma, na mfereji wa kutoa maji upande wa chini. Halafu andikeni kamati ya watu wa mtaa ya kushika funguo na ratiba, asubuhi shule, jioni timu, Jumapili wazee, na nakala ya ile ramani ikae kwa watu zaidi ya mmoja, maana mwenyekiti wa mtaa anabadilika.